Sweta Jeupe na Jani la Mgomba

Sogeza kiti karibu, wewe unayenisikiliza, maana nataka kukueleza namna ya kufua sweta la sufu, na jambo hili halielezeki kwa haraka. Usiogope kama hujawahi kulifanya. Mimi nilianza vibaya kuliko unavyoweza kufikiri. Mwaka nilioolewa hapa Manga nilitia sweta la kanisani la mume wangu ndani ya sufuria ya maji moto, nikamwaga sabuni ya unga, nikakoroga kwa mwiko. Lilipotoka lingemtosha mtoto wa darasa la kwanza. Mama mkwe wangu aliliinua kwa vidole viwili, akalitazama mbele na nyuma, kisha akaniuliza tutalila na mboga gani.

Tangu siku ile nimejifunza kidogo kidogo, na karibu yote nimejifunza kwake. Sweta ninalotaka kukusimulia ni lake pia.

Ni jeupe, la sufu, lina vifungo sita, na alilifuma mwenyewe zamani wakati vidole vyake bado vilikubali sindano. Halivaliwi ovyo. Sisi tunashika Sabato, na mara chache kwa mwaka kanisa letu huandaa Meza ya Bwana. Mkate na kikombe hufunikwa kwa kitambaa cheupe, na wanawake mashemasi, wamevaa nyeupe toka kichwani hadi miguuni, husimama mezani, wakashika pembe za kitambaa, wakakikunja polepole. Wote wakishakula na kunywa, wanavifunika tena. Kazi yenyewe haichukui hata dakika mbili. Mama ameifanya tangu mume wangu akiwa mtoto wa kubebwa.

Miezi michache iliyopita wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakamshukuru sana, wakamwambia kwamba sasa apumzike, awaachie walio na nguvu. Wakaongeza kwamba Meza ya Bwana inayofuata atasimama kwa mara ya mwisho ili kanisa limuage. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaombea safari njema. Walipoondoka aliniambia nilitoe sweta sandukuni nilitazame.

Sasa uelewe shida ilikuwa wapi. Huku juu asubuhi ni baridi, na kifua chake ni kibovu. Daktari alishamkataza baridi. Bila sweta hawezi kukaa kanisani saa zote zile. Sweta lake lingine ni la rangi ya damu ya mzee, na mezani hakuendi rangi. Basi ni lile jeupe au abaki nyumbani. Nalo lilikuwa limekaa sandukuni mpaka likapata ukungu shingoni. Ilibidi lifuliwe, na likauke kabla ya jua la Ijumaa kuzama, kwa sababu jua hilo likizama hatufui, hatuaniki wala hatupigi pasi.

Na mimi nilikuwa nimechoka. Nasema hivyo si kwa kutaka huruma, nataka tu ujue mikono iliyofanya haya ilikuwa katika hali gani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule iko chini ya mteremko, nusu saa kwa miguu kwenda, na zaidi ya hapo kurudi, kwa sababu kurudi ni kupanda. Mume wangu anafanya kazi mbali na huja mwisho wa mwezi. Kuna majani ya chai ya kuchuma, kuna ng'ombe mmoja, kuna dawa za Mama asubuhi, mchana na jioni, na wiki ile kulikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kuna uchovu unaokulaza, na huo ni afadhali. Huu wangu ulikuwa ule unaokuacha umesimama lakini kila kitu unakifanya nusu.

Kufua nilifua vizuri. Alhamisi jioni nilipasha maji ya mvua kutoka kwenye tangi, nikayachanganya na baridi mpaka kiwiko changu kilipoingia na kutosikia lolote, joto wala baridi. Hicho ndicho kipimo, na hata wewe unacho, hakinunuliwi. Sabuni, tumia ile ya nywele, kifuniko kimoja tu kwa beseni zima. Ukifikiri vizuri, sufu ni nywele za kondoo, na hakuna anayeosha nywele zake kwa sabuni ya sakafu. Koroga mpaka itoe povu kwanza, ndipo utumbukize sweta, ulibonyeze kwa viganja, uachilie, ulibonyeze tena. Usilifikiche. Penye uchafu, kama pale shingoni, pabembeleze kwa ncha za vidole. Kisha lisuuze kwa maji ya joto lile lile, maana sufu ikitoka kwenye vuguvugu ikaingia kwenye baridi inashtuka na kujikunja.

Kulitoa majini kuna hila yake. Ukilinyanyua kwa mabega, uzito wa maji utalivuta, na ulilokuwa umevaa likifika kiunoni litafika magotini. Lichukue lote kwa mikono miwili, kama unavyotoa mtoto bafuni. Usilikamue. Lilaze juu ya taulo, ukunje taulo na sweta pamoja kama mkeka, kisha upige magoti juu yake na usogee mbele kwa magoti yako mpaka taulo linywe maji. Mimi nilipiga magoti pale sakafuni, na nikajikuta nimebaki hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kichwa kikiwa kimeegemea kochi.

Usiku lilikaa mezani sebuleni. Asubuhi ya Ijumaa lilikuwa bado bichi. Nyumba zetu huku zina unyevu. Sufu ndani ya nyumba inataka siku tatu. Jikoni kuna moshi. Kwenye kamba, lingevutika. Kwa kawaida mimi hutandaza vitu vya namna hiyo shambani, juu ya michai. Chai iliyochumwa juzi ni meza nzuri sana, imenyooka, na upepo unapita chini yake. Unatandika shuka, unalaza nguo. Lakini Ijumaa ile ilikuwa zamu ya kuchuma kipande chetu chote.

Na anga letu lina ratiba yake. Asubuhi jua, saa saba mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, saa nane au tisa mvua. Nilikuwa na saa chache za jua ambazo zingepita nikiwa darasani.

Nikaangalia kichanja cha vyombo kando ya nyumba. Kiko juu, kiko bapa, kinapata jua. Mbao zake tu ndizo zilikuwa nyeusi kwa masizi ya sufuria. Nikaondoa vyombo, nikachukua panga, nikaenda mgombani na kukata majani matatu makubwa, safi, yana umande bado. Uti wa jani ulikuwa unainuka katikati, nikauparura kwa panga ili jani lilale vizuri. Nikapanga majani, nikatandaza sweta juu yake, nikavuta mikono ikakaa sawa. Likapendeza, jeupe juu ya kijani.

Kama wewe ni wa huku, umeshashika kichwa. Kila mtoto wa hapa anajua utomvu wa mgomba. Ndio maana nguo zetu za shamba zina madoa ya kahawia yanayozeeka pamoja na nguo yenyewe. Jani lililokatwa linatoa utomvu pale lilipokatwa. Jani ulilolichuna uti linatoa kila mahali. Nilijua hayo tangu sijaanza kusoma. Ila asubuhi ile mwili wangu ulikuwa umeamka bila akili yangu.

Mke wa shemeji yangu, ambaye boma lake limepakana na letu, alikuwa anashuka na kikapu cha chai mgongoni. Nikamwomba mvua ikija aniingizie sweta la Mama. Akatazama kichanja.

"Nitaliingiza, Mwalimu. Vyombo je, leo vitaenda shule na wewe?"

Nikacheka, nikaondoka.

Mvua ilikuja saa nane. Niliisikia kwenye mabati ya darasa, nikajiambia yuko, ataliingiza. Na kweli aliliingiza. Nilipofika nyumbani saa kumi nililikuta juu ya kiti cha jikoni, limefungwa ndani ya jani kama kifurushi. Alikuwa amekimbia kutoka shambani, na kwa kutaka lisilowe hata tone alikunja majani na sweta pamoja, akakimbia nayo. Hakuona kitu kibaya, na usingeona hata wewe. Utomvu unapotoka ni kama maji. Unaonyesha rangi baadaye, ukishakauka.

Nilifungua. Lilikuwa limekauka, isipokuwa kwapani. Doa moja lilikatisha kifuani, refu kama kidole cha mtu mzima, na mgongoni yalikuwapo mengine mawili, yote rangi ya chai isiyo na maziwa.

Nitakuambia ukweli wa yale niliyofanya. Kwanza, moyoni, nilimlaumu yule mwenzangu kwa kukunja. Halafu nilikumbuka ni nani aliyeshika panga. Kisha nikatoa chini ya meza chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na nikafungua kifuniko. Dawa ile usiitie kwenye sufu, hata siku moja. Inaila, na kabla ya kuila inaigeuza rangi ya manjano. Hilo nililijua, kama nilivyojua habari ya mgomba. Nilikuwa nimeinamisha chupa tayari niliposikia sauti barazani.

"Mwalimu, limekauka?"

"Limekauka, Mama."

"Lilete basi nilishike."

Nilirudisha kifuniko. Nilisimama kidogo mlangoni, nikitafuta namna ya kulibeba ili doa liangalie chini, kisha nikaona haya kwa jambo hilo, nikalibeba likiwa wazi.

Mama alilipokea mapajani. Alipitisha kidole juu ya doa la kifuani, toka mwanzo hadi mwisho, mara mbili.

"Ni mgomba," alisema.

"Ni mgomba, Mama."

"Uliuchuna uti?"

"Niliuchuna."

Akatikisa kichwa kama daktari aliyeshajibiwa. Akalikunja sweta, mkono juu ya mkono, akaniambia niwatumie ujumbe kanisani kwamba kesho hatafika. Nilimwambia tutafute koti jeupe la kuazima, kuna mama mmoja kule Mosocho ninayemfahamu, boda boda angeweza kulifikisha kabla ya jua kuzama. Akakataa. Nikataja shali. Akakataa. Alisema miaka yote amekuwa akiwarudisha wasichana nyumbani kwa doa dogo kuliko lile, na hataki wapate cha kusema.

Halafu akauliza nililianika wapi. Nikamwambia, kwenye kichanja.

"Kile pale?" Alionyesha kwa kidevu. Kutoka kwenye kiti chake unakiona kichanja chote, ni hatua kumi na mbili. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa. Tangu asubuhi niko hapa nahesabu kuku. Niliona kuna kitu cheupe, nikasema labda ni mambo ya shule. Nikamwona mke wa mwanangu anakimbia na jani limefungwa, nikasema ni mboga ya chinsaga amechuma." Alivuta pumzi, maana maneno mengi humchosha. "Ungeniambia ni sweta langu, Mwalimu, ningekuita kabla hujafika kwenye njia. Kuangalia bado naweza."

Nilianza kumweleza kwamba sikutaka kumsumbua. Sentensi ilinifia mdomoni, kwa sababu niliisikia. Ndiyo ile ile waliyoisema wazee wa kanisa wakinywa chai. Nami nimekuwa nikimwambia hivyo kwa muda mrefu kuliko wao. Kwanza nilimwondolea jembe, kisha sufuria, kisha kisu cha kumenyea ndizi kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka, na kila mara nilifanya hivyo kwa mapenzi. Nilikuwa nimemwachia kuku, awahesabu.

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza, chini ya kiti chake, na miguu yangu ikanishukuru. Tulikaa hivyo, yeye na sweta, mimi na viatu vyangu vyenye tope.

Ndipo mke wa shemeji akapita akitoka kupeleka majani yake ya chai kwenye kituo cha kupimia. Aliona tulivyokaa, akakaribia, akaliona doa, akashika mdomo. Akasema ni yeye aliyekunja.

"Wewe umekunja, huyu amechuna," Mama alisema. "Mmenisaidia sana nyinyi wawili."

Ilikuwa kejeli, lakini ilikuwa na ncha ya kicheko, na yule mwenzangu hajawahi kuacha mlango wa kicheko ukiwa wazi bila kuingia.

"Si uvae ndani, Mama," alisema. "Gauni juu, sweta chini. Gauni lako lile siku hizi lina nafasi ya watu wawili."

Nilimtazama kwa jicho la kumnyamazisha, maana kukonda kwa Mama ni jambo ambalo nyumbani kwetu hatulitaji. Mama hakukasirika. Alifikiri.

"Na yule anayeona ndani?"

"Huyo alikuwa anamwangalia Mwalimu akikata jani. Hana swali."

Mama alicheka mpaka akakohoa, nasi tukamshika mgongo. Kisha akasema tulete gauni.

Mara ya mwisho alipolivaa tulilibana kwa pini pande zote mbili ili lisimtoke mabegani. Jioni ile tulimvika sweta kwanza. Mikono yangu ilienda kwenye vifungo kama ilivyozoea, nikairudisha. Tukamwacha afunge mwenyewe. Vifungo sita vilichukua muda mrefu. Kimoja alikiingiza tundu la chini, akafungua, akaanza tena, nasi tukatazama kuku. Alipomaliza tulishusha gauni juu yake. Likajaa. Mabega yalikaa mahali pa mabega. Ukosi wa sufu ulichungulia kidogo shingoni, mweupe, safi, pale nilipopabembeleza kwa vidole. Alionekana kama alivyokuwa nilipoolewa. Mwenzangu aligeuka, akajifanya anatafuta kikapu chake.

Jua lilipozama gauni lilikuwa limekwisha kupigwa pasi na viatu vimepakwa rangi nyeupe. Niliketi kula, nikala kidogo, nikalala na nguo zangu.

Ningependa kukuambia kwamba kesho yake nilimwona akishika pembe ya kitambaa na kukiinua. Sikumwona. Tulioshana miguu kwanza, kama ilivyo desturi kabla ya Meza, upande wa wanawake, tukaingia, mahubiri yakaanza, na benchi lilikuwa na joto. Mke wa shemeji aliponipiga kiwiko ubavuni, nilifungua macho, kitambaa kikiwa kimeshakunjwa na Mama amesimama kando ya meza, mikono imeshikana mbele, kidevu kimeinuka. Wengine walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa napangusa mate. Sehemu ya kufunika niliiona. Alivuta pembe yake, akainyoosha, na mwenzake kijana akangoja mpaka amalize.

Tulirudi polepole, tukisimama kila baada ya hatua chache ili apumue. Akaniuliza nimemwonaje. Nikasema vizuri sana.

"Ulilala."

"Nililala, Mama."

"Nilikuona. Ukiwa mezani unaona kanisa zima." Tukatembea kidogo. "Jumapili utalifua tena. Nimetoa jasho ndani yake."

Jumapili nililifua kama nilivyokueleza. Doa halikutoka, wala sikulitarajia litoke. Linaanza kuwa sehemu ya sweta. Lakini nilipomaliza kupiga magoti juu ya taulo sikutafuta kichanja wala chai. Nilileta ungo mkubwa, nikauweka juu ya kigoda kando ya kiti chake barazani, nikatandika taulo kavu na kulaza sweta. Nikamwambia, Mama, hili nakuachia. Alivuta mikono ya sweta ikanyooka kuliko nilivyowahi kuinyoosha mimi. Akafukuza kuku. Akaniambia niende, kwani ninamzibia upepo.

Nikaenda ndani na kulala mchana, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Mvua ilipokuja sikuisikia. Nilipoamka ungo ulikuwa umevutwa mpaka ukutani, sweta limegeuzwa upande wa pili, na Mama amelifunika kwa leso yake mwenyewe.

Kwa hiyo nawe, ukishalibana maji kwa taulo, tandika taulo jingine lililo kavu juu ya ungo, uweke kivulini penye upepo, lilaze sweta bapa, nyoosha mikono yake, kisha umwombe aliyeketi karibu aligeuze kila baada ya saa moja.